Kwao Mreno: nchi tuijuayo kwa ngome tu

Hapana mtoto wa Mombasa asiyemjua Mreno. Amjua kwa Ngome na mizinga yake, na kwa masimulizi ambayo wazee waliyapokea kwa wazee wao: namna mji ulivyoporwa na kutiwa moto mwaka 1505, ukachomwa tena kabla haijapita miaka thelathini, na namna Sultani Yusuf bin Hassan, aliyelelewa na Wareno wenyewe huko Goa wakambatiza na kumwita Jerónimo, alivyowageuka akamwua kapteni wa Ngome mwaka 1631. Hayo twayajua. Lakini muulize mtoto huyo, au baba yake, kwao Mreno ni wapi na kukoje, watu wake wala nini na huimba nini, na walikuwa nani kabla merikebu zao hazijaonekana huku kwetu. Atababaika.

Nimeonelea basi leo tufunge safari ya kwenda huko kwa kalamu. Nia yangu si kumsafisha Mreno wala kumwongezea laana. Ni kwamba upande wa kusini wa nchi yake ulikuwa nchi ya Kiislamu kwa zaidi ya miaka 500, na mtu asemaye Kiswahili na aliyepitia chuoni akifika huko atayaona mengi ambayo mtalii wa Kizungu huyapita bila ya kuyatambua.

Ureno ni nchi ndogo. Eneo lake lote, pamoja na visiwa vya Azores na Madeira vilivyo mbali baharini, lapata kilomita za mraba 92,000. Kenya ingeimeza mara sita na nafasi ikabaki. Watu wake ni zaidi ya milioni 10. Ukiitazama katika ramani utaiona imekaa pembeni kabisa mwa Ulaya, upande wa kusini magharibi, mgongo imempa Hispania ambaye ndiye jirani yake wa pekee wa nchi kavu, na uso imeuelekeza Bahari ya Atlantiki. Toka kaskazini mpaka kusini ni mwendo wa kilomita 560 hivi, na upana wake haufiki nusu ya hapo. Rasi ya Roca, iliyo karibu na mji mkuu wa Lisbon, ndiyo ncha ya mwisho ya bara la Ulaya upande wa machweo. Ukisimama hapo mbele yako ni maji tu mpaka Marekani. Haishangazi kwamba watu wa namna hii, wasio na pa kukimbilia ila baharini, waligeuka kuwa mabaharia.

Mto Tejo, uingiao baharini hapo Lisbon, waikata nchi vipande viwili visivyofanana. Kaskazini ni milima ya mawe, mvua nyingi, mabonde ya kijani na mashamba ya mizabibu yaliyopangwa ngazi kwa ngazi juu ya Mto Douro. Katika safu ya Estrela, ambayo kilele chake chafika mita 1,993, theluji huanguka wakati wa baridi. Kusini mwa Tejo nchi hulala ikawa tambarare, jua likawa kali, na udongo ukawa mwekundu. Huko ndiko Alentejo, kwenye mizeituni na ile mialoni ambayo magome yake ndiyo vizibo vya chupa dunia nzima. Karibu nusu ya magome hayo hutoka Ureno. Mti hubambuliwa mara moja tu katika kila miaka tisa, na mbambuaji huuandikia tarakimu ya mwaka kwa rangi nyeupe, ili atakayekuja baadaye ajue zamu yake haijafika. Kazi hiyo hufanywa kwa shoka na mkono, na mtu asiyejua kupima pigo lake huua mti.

Chini kabisa, ukingoni mwa bahari, ni jimbo la Algarve, kwenye fukwe na magenge ya rangi ya dhahabu ambayo huwavuta watalii kama nyuki. Jina hilo, msomaji, litazame vizuri. Algarve ni al-Gharb, yaani magharibi. Ndivyo Waarabu na Waberiberi walivyoiita nchi hiyo walipokuwa wenyewe wa pale, kwani kwao ilikuwa ndiyo magharibi ya Andalusi yote.

Waislamu walivuka mlango wa bahari kutoka Moroko mwaka 711, na baada ya miaka michache tu Lisbon ilikuwa mikononi mwao wakiiita al-Ushbuna. Walikaa humo zaidi ya miaka 400. Mwaka 1147 mfalme wa kwanza wa Ureno, Afonso Henriques, aliuhusuru mji kwa msaada wa wapiganaji wa msalaba kutoka Uingereza, Ujerumani na nchi za Flanders waliokuwa njiani kwenda Falastini, akauteka. Algarve iliendelea miaka mia moja zaidi, mpaka mji wa Faro uliposalimu amri mwaka 1249.

Waislamu waliobakia hawakuondoka. Walipewa mitaa yao nje ya kuta za miji, wakawa wafinyanzi, wahunzi, wakulima na wafumaji, wakilipa kodi na kuhukumiana kwa makadhi wao. Mtaa wao wa Lisbon uliitwa Mouraria, na waitwa hivyo hadi leo. Waliishi hivyo kiasi cha miaka 250. Kisha Disemba 1496 Mfalme Manuel wa Kwanza alitoa amri kwamba Mayahudi wote na Waislamu wote wawe wametoka katika ufalme wake kabla ya kwisha Oktoba 1497. Mayahudi wengi hawakuachiliwa hata kutoka. Walizuiwa wakabatizwa kwa nguvu. Waislamu waliachwa wende zao. Mwandishi wa tarehe wa Kireno wa zama hizo, Damião de Góis, alieleza kwa nini: Mayahudi hawakuwa na mfalme popote wa kuwalipia kisasi, lakini Waislamu walikuwa na wafalme Afrika na Asia, na Wakristo walikuwa wengi katika nchi zao.

Sasa weka tarehe mbili hizi bega kwa bega. Mfalme Manuel ndiye huyo huyo aliyempeleka Vasco da Gama kutafuta njia ya Bara Hindi. Merikebu ziling'oa nanga Lisbon tarehe 8 Julai 1497, hali familia za Kiislamu zikiwa bado zauza vyombo vyao ili zihame. Miezi tisa baadaye, Aprili 1498, zilitua mbele ya Mombasa na zikasikia adhana. Mtu aliyetoka kuifuta adhana kwake hakutazamiwa kuipenda hapa kwetu. Tukisoma habari za mwaka 1505 bila ya kuijua hiyo ya 1497, twasoma ukurasa wa pili wa barua ambayo wa kwanza umechanika.

LAM YA JUA NA LAM YA MWEZI

Watu walifukuzwa, lakini maneno hayana miguu. Kireno kimejaa Kiarabu, mamia ya maneno, na jinsi yalivyokaa humo yatamfurahisha kila aliyekaa mkekani mbele ya mwalimu wake. Tulifundishwa kwamba lam ya al ikikutana na herufi za jua humezwa: twasema ash-shamsu, hatusemi al-shamsu, bali ikikutana na herufi za mwezi hutamkwa waziwazi, al-qamaru. Mreno hakwenda chuoni, lakini kanuni hiyo imo ulimini mwake hata sasa. Mafuta ya zeituni huyaita azeite, kutokana na az-zayt. Sukari ni açúcar, as-sukkar. Mchele ni arroz, ar-ruzz. Lam imemezwa kote. Lakini pamba kwake ni algodão, al-qutn. Mshoni ni alfaiate, al-khayyat. Na forodha ni alfândega, neno litokalo katika al-funduq. Hapo lam imesimama. Hakuna mfalme aliyetoa amri ya kuifukuza.

Mreno akitamani jambo liwe husema oxalá, ambayo ile x yake hutamkwa kama sha yetu. Ni insha Allah hiyo, nayo hutoka kinywani mwa kasisi na mwa mlevi sawasawa. Asipotaka kumtaja mtu kwa jina lake humwita fulano, kama nasi tusemavyo fulani. Mito mikubwa ya kusini haikubadilishwa majina: Guadiana ni Wadi Ana. Mtaa wa kale wa Lisbon, Alfama, watokana na al-hamma, chemchemi za maji moto. Na mji wa Albufeira, ambako vijana wa Kiingereza huenda kulewa wakati wa kiangazi, ni al-buhayra, ziwa dogo.

Upande wetu nasi tulipokea kutoka kwake. Meza, bendera, kasha, leso, mvinyo, karata na hata turufu ya kuchezea karata barazani, yote ni mali ya Mreno. Gereza latokana na igreja, yaani kanisa. Na kama wasemavyo wataalamu ni kwa sababu kanisa lake lilikuwa ndani ya ngome, na ngome baadaye ikawa jela. Mto wa kulalia yeye auita almofada, jambo alilolipata kwa Mwarabu, al-mikhadda. Sisi tuna neno letu la mto, lakini nguo ya kuuvika twaiita foronya, na hiyo tumeitoa kwake. Basi kila usiku watu wa pwani hulaza vichwa vyao juu ya tarehe hiyo.

Kuna jina moja ambalo sina budi kulitaja. Mahali patakatifu zaidi kwa Wakatoliki wa Ureno, ambapo mamilioni ya mahujaji huenda kila mwaka, wengine wakitambaa kwa magoti, ni mji uitwao Fátima. Huko mwaka 1917 watoto watatu wachungaji walisema wamemwona Bibi Mariamu. Masimulizi ya wenyeji yasema mji ulipewa jina la binti wa Kiislamu aliyetekwa vitani, akaolewa na bwana wa Kikristo. Kama kisa ni kweli ama si kweli, jina ni la binti ya Mtume (S.A.W.), nalo hutajwa katika sala za Kikatoliki dunia nzima.

MIHRABU NYUMA YA ALTARE

Mtalii wa kawaida hupelekwa Lisbon, Porto na fukwe za Algarve, akarudi kwao. Msomaji wa ukurasa huu ningempeleka kwanza Mértola.

Ni mji mdogo mweupe ulio juu ya jabali, Mto Guadiana ukipita chini yake, karibu na mpaka wa Hispania. Zamani ulikuwa bandari; vyombo vilipanda na mto kutoka baharini kuja kuchukua shaba, fedha na nafaka. Kanisa kuu la mji huo lilikuwa msikiti, uliojengwa na Muwahhidun katika karne ya 12. Wapiganaji wa msalaba walipouteka mji mwaka 1238 hawakuuvunja, waliutia msalaba. Baadaye wakabadilisha paa na mlango mkubwa, lakini mpango wa nguzo uko vile vile, milango ya matao ya kwato ya farasi ingalipo, na nyuma ya altare imo mihrabu. Imo wazi, na nakshi zake za chokaa hazijafutika zote. Kasisi asomapo misa hupata kuipa mgongo.

Kwa miaka mingi hapana aliyejali. Mértola ilikuwa mji wa kimaskini, na machimbo ya São Domingos yaliyokuwa karibu nao yalipofungwa mwaka 1966 vijana walihama. Mwaka 1978 mwanachuoni aitwaye Cláudio Torres alianza kuchimba hapo pamoja na wanafunzi wake. Walizifukua nyumba za Waislamu, makaburi yao, na hasa mabakuli yao yaliyopakwa rangi ya kijani na kahawia. Leo mji wote ni kama jumba moja la makumbusho, na wenyeji wapata riziki kwa vigae vya watu ambao babu zao waliwafukuza. Tangu mwaka 2001 hufanywa huko tamasha la Kiislamu, kila baada ya miaka miwili katika mwezi wa Mei. Vichochoro huezekwa vitambaa vikawa kama soko la Fes, na wafanyabiashara huja kutoka Moroko na ngozi, viungo na mazulia.

Mimi tamasha hilo nalitazama kwa macho mawili. Ni jambo jema kwamba mtoto wa Kireno afundishwa kuwa Mwislamu hakuwa mvamizi tu, bali ni mmoja wa babu zake. Hata hivyo kuna kitu kichomacho hapo. Mwaka 2015 Ureno ilianza kuwapa uraia wazao wa Mayahudi waliofukuzwa, na walioomba wakawa maelfu kwa maelfu. Waislamu, waliofukuzwa kwa amri hiyo hiyo na siku hiyo hiyo, hawakutajwa katika sheria ile. Wao wamepewa tamasha.

Kutoka Mértola shika njia ya magharibi, upite Beja uende Silves, mji uliokuwa ukiitwa Shilb. Beja ndiko alikozaliwa, yapata mwaka 1040, Al-Mu'tamid bin Abbad, na Silves ndiko alikopelekwa na baba yake angali kijana akatawale. Ngome yake nyekundu ingali juu ya kilima, na mji umempa uwanja wenye jina lake.

Huyu alikuwa mfalme, lakini wenye kumkumbuka humkumbuka kwa mashairi. Silves alikuwa na rafiki, Ibn Ammar, mtoto wa kimaskini wa upande huo huo aliyepanda kwa ulimi wake tu. Walikuwa wakirushiana mashairi kama walivyokuwa wakirushiana malenga wa Mvita zama za Muyaka, mmoja akifungua na mwingine akifunga. Yasimuliwa kwamba siku moja, Al-Mu'tamid akiwa sasa Sevilla, walikuwa wakitembea kando ya mto, upepo ukayakunja maji, naye akaanza ubeti kuusifu upepo ule. Ibn Ammar akakwama. Msichana aliyekuwa akifua nguo hapo mtoni akaumalizia, kwa vina na mizani, bila ya kuinua kichwa. Mfalme akamwoa. Naye ndiye Itimadi, mama wa watoto wake.

Mwisho wao haukuwa mwema. Ibn Ammar alimfanyia hiana, akafungwa, na Al-Mu'tamid alimwua kwa mkono wake mwenyewe. Kisha mfalme wa Kikristo, Alfonso wa Sita, akambana. Ikambidi amwite Yusuf bin Tashfin, amiri wa Murabitun wa Moroko, ingawa wenziwe walimwonya kwamba msaada huo utamla. Yasemekana aliwajibu kuwa ni heri achunge ngamia Afrika kuliko kuchunga nguruwe Kastilia. Yusuf alikuja akawapiga Wakristo mwaka 1086, na miaka mitano baadaye akamvua Al-Mu'tamid ufalme, akampeleka na minyororo mpaka Aghmat, karibu na Marrakesh. Huko alikaa kifungoni akitunga, binti zake wakisokota nyuzi kwa ujira ili wapate chakula, mpaka akafa mwaka 1095. Mashairi ya Aghmat ndiyo yaliyo bora kuliko yote aliyopata kutunga, na Waarabu wayahifadhi mpaka leo.

LISBON

Mji mkuu wasemekana umejengwa juu ya vilima saba. Ni mji wa mwanga mweupe, wa ngazi, wa tramu ndogo za manjano zipandazo vichochoro vyembamba kama vya Mji wa Kale wetu, na wa kuta zilizovikwa vigae vya rangi. Vigae hivyo ni azulejo, az-zulayj. Waliotangulia kuvitengeneza ni Waislamu wa Andalusi. Wareno wakavipenda, wakaanza kuchora humo watu, merikebu na watakatifu, mpaka ikawa sanaa yao wenyewe, nayo ina makumbusho yake mahususi ndani ya nyumba ya zamani ya watawa wa kike.

Sehemu ya chini ya mji ina njia zilizonyooka kwa kamba, na sababu yake ni zilzala. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, watu wakiwa makanisani kwa sikukuu ya Watakatifu Wote, ardhi ilitetemeka, kisha bahari ikapanda, kisha mishumaa ya altare ikaanzisha moto uliowaka siku kadha. Maelfu kwa maelfu walikufa. Waziri mmoja mkali, Marquês de Pombal, aliujenga mji upya kwa nyumba zenye kiunzi cha mbao ndani ya kuta, ili ziweze kuyumba bila ya kuanguka.

Ukifuata mto kuelekea baharini utafika Belém, na hapa ndipo mtu wa pwani huenda akaona uzito kifuani. Kuna mnara mweupe uliokuwa ukilinda lango la mto, na kuna nyumba ya watawa ya Jerónimos, iliyoanzwa mwaka 1501 na kugharimiwa kwa ushuru wa viungo na bidhaa za Afrika na Bara Hindi. Nguzo zake zimechongwa kamba za merikebu na matumbawe, na kazi yake ni nzuri, ni haki kusema hivyo. Mkono wa kushoto uingiapo kuna kaburi la Vasco da Gama. Mkono wa kulia kuna la mshairi Luís de Camões.

Camões ndiye mtunzi wa utenzi mkubwa wa Wareno, Os Lusíadas, uliochapishwa mwaka 1572, na siku aliyofariki, tarehe 10 Juni 1580, ndiyo iliyofanywa sikukuu ya taifa. Sijui nchi nyingi ambazo sikukuu yao imefungwa kwenye kifo cha mshairi, nami kwa hilo nawaonea wivu. Lakini utenzi wenyewe mtu wa Mombasa na ausome ameketi. Mombasa imesawiriwa humo kama pango la hila, na Mwislamu ni mtegaji. Malindi imesifiwa, ni mfalme wa Malindi ambaye Vasco da Gama amketisha akamhadithia tarehe yote ya Ureno tangu mwanzo. Basi fitina ya miji yetu miwili imo mpaka katika kitabu kikubwa cha Mreno, na kila mtoto wa shule wa huko hukisoma.

Karibu na hapo, ukingoni mwa mto, kuna nguzo ya ukumbusho ya mwaka 1960 iliyofanywa kama gubeti la merikebu, iitwayo nguzo ya Ugunduzi. Ugunduzi gani? Mwaka 1415, ambapo Wareno walikuwa ndio kwanza wavuka kwenda kuiteka Ceuta ya Moroko, Malindi ilikuwa ikimpelekea Mfalme wa Uchina zawadi ya twiga. Wapo Wareno walioanza kuliuliza swali hilo wenyewe. Mkuu wa mji wa Lisbon alipotaka kujenga makumbusho ya Ugunduzi, mwaka 2018 wanahistoria wengi walilipinga jina hilo hadharani. Na kule Lagos, katika Algarve, ambako mwaka 1444 mateka wa kwanza wengi kutoka pwani ya magharibi ya Afrika waliteremshwa na kugawanywa kama mifugo, pana makumbusho ya utumwa tangu mwaka 2016.

Mambo hayaendi upande mmoja tu. Ngome yetu ilipoacha kuwa jela mwaka 1958, fedha za kuitengeneza iwe makumbusho zilitoka kwa taasisi ya Calouste Gulbenkian, ambayo makao yake ni Lisbon. Gulbenkian alikuwa Muarmenia tajiri wa mafuta ya petroli aliyefariki mjini humo mwaka 1955. Makumbusho yake yana mazulia ya Uajemi, taa za misikiti, vyungu vya Iznik na misahafu ya khati nzuri mno. Ukiwa na siku moja tu Lisbon, ningesema uiache Belém uende huko.

Usiku watu husikiliza fado. Mwimbaji, mara nyingi mwanamke aliyejitanda shali nyeusi, husimama kati ya gitaa mbili, moja yenye nyuzi kumi na mbili, taa zikapunguzwa na vijiko vikanyamaza. Huimba bahari, umaskini, mtu aliyekwenda asirudi. Wana neno lao, saudade, ambalo ni huzuni na hamu vikichanganyika. Mtu aliyewahi kusubiri jahazi la kusi hahitaji kamusi. Wapo wapendao kusema kwamba fado ni urithi wa Waarabu, kwa vile mwimbaji wake wa kwanza mashuhuri, Maria Severa, aliyefariki mwaka 1846, aliishi Mouraria. Mimi sioni ushahidi. Fado haikujulikana kabla ya karne ya 19. Lakini mwenye masikio ya taarabu atajua pa kuitikia kwa kichwa. Malkia wake alikuwa Amália Rodrigues. Alipofariki mwaka 1999 serikali ilitangaza siku tatu za maombolezo.

Juu ya Porto na madaraja yake, Coimbra na chuo kikuu chake kilichoasisiwa mwaka 1290, na Nazaré ambako mawimbi ya wakati wa baridi hupita mita 20, vitabu vya watalii vyasema vya kutosha. Nitaongeza Sintra tu, kwa sababu ya ngome ya Waislamu iliyo juu ya mlima, kuta zake zikipanda na kushuka juu ya miamba katikati ya ukungu.

Mwenye kutaka kwenda huhitaji viza ya Schengen, na fedha za huko ni euro. Watalii wa kigeni waingiao kila mwaka ni wengi kuliko wenyeji zaidi ya mara mbili, kwa hivyo Julai na Agosti si wakati wa mtu mwenye haya ya kusukumana. Aprili au Oktoba ni bora. Katika chakula tahadhari: nguruwe huingizwa hata katika mchuzi wa kunde. Samaki ni salama na ni wengi. Dagaa wakubwa huchomwa makaa njiani mwezi wa Juni, na bacalhau, samaki mkavu wa chumvi kutoka bahari za kaskazini, hupikwa kwa namna ambazo wenyewe husema hazihesabiki. Aliyezoea ng'onda hatapata tabu, ila aulize kama hapana divai chunguni.

Chakula cha halali kiko Mouraria. Baada ya miaka mia tano mtaa ule umerudi kuwa na Waislamu, wengi wao wakiwa Wabangladeshi na Wapakistani wenye maduka ya simu, viungo na nyama. Na karibu na Praça de Espanha umesimama msikiti mkuu wa Lisbon, uliofunguliwa mwaka 1985, ambao walioupigania ni Waislamu wenye asili ya Msumbiji na Guinea-Bissau waliohamia huko makoloni yalipopata uhuru. Si mbali sana na hapo ni makao ya Ismailia ulimwenguni, na ndiyo sababu Aga Khan wa Nne, aliyejulikana Mombasa kwa hospitali na shule zake, alifariki Lisbon Februari 2025.

Musafiri wetu akiingia msikitini humo aangalie saff kabla ya kufunga sala. Huku kwetu twaelekea kaskazini. Huko kibla ni mashariki. Mwezi wa Juni maghribi huingia baada ya saa tatu za usiku. Na hotuba ya Ijumaa ataisikia ikisomwa Kiarabu, kisha ikifasiriwa Kireno.